Kugawa Sawa kwa Sawa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Sehemu katika Hisabati

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwalimu wa madarasa ya chini ya shule ya msingi, na kwa mzazi anayeketi na mwanawe jioni wakiwa na daftari la Hisabati mezani. Maswali yenyewe nimeulizwa na wazazi na walimu wenzangu katika miaka ambayo nimelifundisha somo hili kwa Kiswahili, na nimeyajibu nikianzia pale ambapo mtoto huanzia, yaani kwenye kitu anachoweza kukishika, kukikunja au kukikata.

Sehemu ni nini?

Sehemu ni namba inayoeleza ukubwa wa fungu lililotokana na kitu kizima baada ya kitu hicho kugawanywa katika vipande vilivyo sawa. Ukikata chapati vipande vinne vilivyo sawa ukampa mtoto vitatu, mtoto amepata 3/4 ya chapati. Namba ya chini, ambayo hapa ni 4, huitwa asili, nayo hutueleza kwamba chapati nzima imetoa vipande vingapi. Namba ya juu, ambayo ni 3, huitwa kiasi, nayo huhesabu vipande vilivyochukuliwa. Msomaji wa Kenya huenda amezoea neno akisami badala ya sehemu, na maana haibadiliki.

Maelezo hayo yana mambo matatu ambayo hayatenganishwi: pana kitu kizima, pana vipande, na vipande hivyo ni sawa. Watoto wengi hulishika la pili mara moja kwa sababu vipande vinaonekana na vinahesabika. Yale mawili mengine ndiyo yanayopotea.

Kwa nini neno "sawa" husisitizwa kiasi hicho?

Kwa sababu bila usawa jina la sehemu si la kweli. Mtoto anapoanza shule amekwisha kusikia nyumbani mara nyingi mtu akisema "nipe ile nusu kubwa", na kwake nusu ni kipande chochote kinachopatikana kitu kikikatwa mara moja. Hana kosa, kwani hivyo ndivyo neno linavyotumika jikoni. Katika Hisabati, hata hivyo, nusu kubwa haipo: kipande kimoja kikiwa kikubwa kuliko mwenzake, hakuna nusu hata moja kati ya hivyo viwili.

Mfano ninaoupenda ni wa bendera, kwa kuwa kila mtoto ameiona ikipandishwa. Mwulize mtoto wa Tanzania rangi ya kijani ni sehemu gani ya bendera ya taifa, naye atahesabu rangi, kijani, njano, nyeusi na buluu, kisha atajibu kwamba ni robo. Mwambie aitazame tena. Pembetatu ya kijani na pembetatu ya buluu zinalingana, lakini mkanda mweusi unaokatiza katikati ni mwembamba kuliko pembetatu hizo, na mistari ya njano ni myembamba zaidi. Rangi ni nne, ila hakuna iliyo robo. Bendera ya Kenya nayo ina mistari myeupe miembamba kati ya mikanda mipana, kwa hiyo kuihesabu mikanda yake hakutoi sehemu yoyote. Sasa mwonyeshe bendera ya Morisi, yenye mikanda minne ya ulalo iliyolingana, nyekundu, buluu, njano na kijani: hapo kila rangi ni robo kwelikweli. Ya Uganda ina mikanda sita iliyolingana, nyeusi, njano, nyekundu, kisha nyeusi, njano, nyekundu tena, hivyo, tukiliacha kando lile duara jeupe lenye korongo, nyeusi ni 2/6, ambayo ni theluthi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "hii ni sehemu gani?" mwalimu aulize "umejuaje kwamba vipande hivi ni sawa?" Mtoto akizoea kulijibu swali hilo kwa kukunja, kupachika kipande juu ya kipande au kupima, nusu ya kazi imekwisha.

Je, neno "sehemu" lenyewe huwachanganya watoto?

Ndiyo, na jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Katika mazungumzo ya kila siku sehemu ni mahali, na tena ni kipande cha chochote bila kujali ukubwa wake. Tunasema "sehemu ya nyumba imebomoka" hata kama ni tofali mbili tu. Kisha mtoto huyohuyo huambiwa kwamba 3/4 ni sehemu, na kwamba 1/2 na 2/4 ni sehemu sawa, ilhali jana aliambiwa akate karatasi "sehemu nne sawa". Hapo "sehemu sawa" ina maana mbili zisizofanana. Ninashauri neno kipande litumike kwa kile kinachokatwa, na neno sehemu liachiwe namba peke yake. Nimefanya hivyo hapa tangu mwanzo.

Majina ya sehemu kwa Kiswahili ni yapi, na yana faida gani?

Tuna nusu kwa 1/2, theluthi kwa 1/3, robo kwa 1/4, humusi kwa 1/5, sudusi kwa 1/6, subui kwa 1/7, thumuni kwa 1/8, tusui kwa 1/9 na ushuri kwa 1/10. Mengi yametoka katika Kiarabu na baadhi yake hayasikiki tena madukani, lakini hayajafa. Katika mirathi ya Kiislamu mafungu yaliyotajwa ndani ya Kurani, katika Sura An-Nisaa, ni sita, yaani nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi, na mtu anayegawa urithi kwa sheria hiyo hana budi kuyajua. Neno ushuru, ambalo kila mfanyabiashara analifahamu, ni ndugu wa ushuri, moja ya kumi. Vipimo vya zamani vya nafaka navyo vilijengwa kwa kugawa sawa: pishi moja ni visaga viwili, na kisaga kimoja ni vibaba viwili, hivyo kibaba kile kinachojazwa haba na haba ni robo ya pishi.

Faida kubwa ya majina haya imo ndani ya "robo tatu". Sikiliza jinsi linavyoundwa: ni kama chapati tatu, vikombe vitatu, yaani robo ni kitu chenye jina lake nacho kinahesabiwa. Mtoto anayesema robo moja, robo mbili, robo tatu, robo nne, amekwisha kuelewa kazi ya kiasi na kazi ya asili kabla hajaandika mstari wowote katikati ya namba mbili. Ndiyo sababu sipendi 3/4 isomwe tangu siku ya kwanza "tatu juu ya nne". Usomaji huo huonyesha mahali namba zilipoandikwa tu, na humfanya mtoto aone namba mbili zilizopandana badala ya namba moja.

Tuanze na vitu gani?

Karatasi kwanza, chakula baadaye. Karatasi haiishi utamu, haigombewi, na inaweza kukunjwa na kukunjuliwa ili mtoto aone mikunjo. Karatasi ya mstatili ikikunjwa mara moja, ukingo juu ya ukingo, hutoa nusu. Ikikunjwa tena hutoa robo. Mara ya tatu hutoa thumuni. Kabla ya kukunjua, mwambie mtoto abashiri vipande ni vingapi. Wengi hubashiri sita kwa mkunjo wa tatu, kwa kuwa wanaongeza mbili mbili, na wanapokunjua wakahesabu vinane hujionea wenyewe kwamba kila mkunjo huvizidisha vipande vyote kwa mbili.

Theluthi hukunjwa kama barua inavyokunjwa ili iingie ndani ya bahasha, upande mmoja ukija juu na wa pili ukiufunika, huku ukisogezwa polepole hadi kingo zote zikutane. Ni vigumu kidogo kwa vidole vidogo, na ugumu huo una thamani, kwa sababu mtoto hulazimika kurekebisha hadi apate usawa badala ya kupewa usawa uliochorwa tayari na mwalimu.

Baada ya hapo njoo kwenye chapati, mkate, mche wa sabuni, utepe, uzi, vizibo vya soda na kokoto. Vyote hivyo vinapatikana bila gharama ya ziada.

Nitagawaje utepe katika vipande vitano vilivyo sawa bila rula?

Chukua karatasi ya daftari yenye mistari na uuweke utepe juu yake kwa mshazari. Kona moja ya ukingo wa utepe iguse mstari mmoja, uupe jina la mstari wa sifuri, kisha uzungushe utepe hadi kona ya pili ya ukingo huohuo iguse mstari wa tano kutoka ule wa sifuri. Weka alama kwenye ukingo pale unapokutana na mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne. Ukikata kwenye alama hizo utapata vipande vitano vinavyolingana, hata kama hujui urefu wa utepe ni sentimita ngapi. Siri yake ni kwamba mistari ya daftari imepishana kwa umbali uleule, hivyo mshazari wowote unaoikatiza hukatwa nayo kwa vipimo vilivyolingana. Utepe ukiwa mrefu mno ukalala karibu sambamba na mistari, ruka mstari mmoja mmoja, utumie nafasi kumi badala ya tano.

Kosa la kawaida hapa ni kuhesabu mistari badala ya nafasi. Nafasi tano zinahitaji mistari sita. Mtoto akihesabu mistari mitano atapata vipande vinne, na ni vizuri akipata kosa hilo mara moja kwa mikono yake mwenyewe.

Duara linagawanywaje mara tatu? Kila tukijaribu vipande havilingani.

Watoto wengi, na watu wazima pia, huligawa duara mara tatu kwa kuchora mistari miwili iliyosimama sambamba, kama wanavyoigawa karatasi ya mstatili. Hata mistari hiyo ikikigawa kipenyo katika urefu tatu ulio sawasawa, kipande cha katikati huwa karibu asilimia 42 ya duara lote, na vile vya pembeni huwa karibu asilimia 29 kila kimoja. Yule anayepewa cha katikati hufurahi na wenzake hulalamika, na malalamiko yao yana msingi.

Duara hugawanywa kuanzia kitovu chake. Njia rahisi ni kutumia uso wa saa ya mshale: chora mstari kutoka katikati hadi kwenye tarakimu 12, wa pili hadi kwenye 4, na wa tatu hadi kwenye 8, yaani pale ambapo mshale mfupi hukaa saa sita, saa kumi na saa mbili. Kila kipande kimebeba saa nne. Kwa robo tumia 12, 3, 6 na 9. Kwa humusi fuata dakika: sifuri, 12, 24, 36 na 48.

Usipokuwa na saa, tumia uzi. Chora duara kwa uzi uliofungwa kwenye msumari, kisha uutumie uzi huohuo, ambao urefu wake ni nusu kipenyo, kupiga hatua kwenye mzingo wa duara. Hatua zitakuwa sita kamili na utarudi pale ulipoanzia. Ukiziunganisha alama zote sita na kitovu una sudusi sita. Ukiruka alama moja moja una theluthi tatu. Nimeifanya kazi hii uwanjani kwa kamba ndefu na kijiti kilichochongoka, darasa zima likiwa limesimama pembeni, na hatua ya sita ilipotua juu ya alama ya kwanza watoto walitaka irudiwe kwa duara jingine ili wahakikishe kwamba haikuwa bahati.

Je, vipande vilivyo sawa ni lazima viwe na umbo moja?

Hapana. Vinavyolingana umbo na ukubwa ni sawa bila ubishi, lakini usawa tunaouhitaji ni wa ukubwa tu. Chora mstatili wenye urefu wa sentimita 8 na upana wa sentimita 6, kisha chora mishazari yake miwili. Utapata pembetatu nne: mbili pana na fupi, mbili nyembamba na ndefu. Karibu kila mtoto atakataa kwamba hizo ni robo. Sasa pima. Pembetatu ya chini ina kitako cha sentimita 8 na kimo cha sentimita 3, hivyo eneo lake ni sentimita za mraba 12. Ya pembeni ina kitako cha sentimita 6 na kimo cha sentimita 4, nalo eneo lake ni 12. Mstatili mzima una 48. Kila pembetatu ni robo.

Kwa mtoto ambaye hajafika kwenye kanuni ya eneo, mkasi unatosha. Kata pembetatu moja pana na moja nyembamba, kila moja uikate katikati kutoka ncha ya juu hadi katikati ya kitako, kisha uvipachike vipande vidogo kimoja juu ya kingine. Vyote vinne vinalingana kabisa.

Vipi kuhusu vitu visivyo na umbo maalumu, kama muhogo au chungwa?

Hapa ndipo swali la "sawa kwa nini?" linapoingia, na ninaomba lisirukwe. Siku moja nilikuwa na muhogo mmoja mrefu uliochemshwa. Niliupima kwa uzi, nikaukunja uzi katikati, nikakata muhogo pale uzi ulipokomea. Vipande viwili vilikuwa na urefu uleule hasa. Mwanafunzi niliyempa upande wa mkiani alikitazama chake, akakitazama cha mwenzake, akakirudisha kwa heshima, akasema fungu lake halijafika nusu. Alikuwa sahihi. Muhogo ni mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, kwa hiyo nusu ya urefu haikuwa nusu ya uzito.

Tulitengeneza mizani kwa fimbo iliyoning'inizwa katikati kwa uzi, na kifuu cha nazi kila upande. Kipande kinene kilishuka. Tukakimega kidogo kidogo, kila tonge likihamia kwenye kifuu cha pili, hadi fimbo ikakaa sawa. Darasa liliondoka likijua kwamba kabla ya kugawa lazima tukubaliane tunapima nini: urefu, eneo, uzito, ujazo au idadi. Uji hugawanywa kwa ujazo, na ndiyo maana vikombe viwili vyenye uji uliofika kimo kimoja havitoi nusu mbili iwapo kimoja ni kipana. Chungwa likimenywa huwa na vipande vyake vya asili, lakini vipande hivyo havilingani, basi usivitumie kufundishia sehemu isipokuwa kwa kuvipima.

Tunapataje sehemu ya kundi la vitu, kwa mfano mayai?

Kundi zima linakuwa ndilo kitu kizima. Trei moja ina mayai 30. Kupata theluthi, yapange mayai katika mafungu matatu yenye idadi sawa, na kila fungu litakuwa na mayai 10. Kupata humusi, mafungu matano ya mayai 6. Kisha umwombe mtoto apate robo ya trei. Atapanga mafungu manne ya mayai 7 na kubakiwa na mawili. Asiambiwe kwamba swali ni baya. Robo ya 30 ipo, ni saba na nusu, ila mayai mabichi hayakatwi, na hivyo mwenye duka hawezi kumuuzia mtu robo ya trei.

Kwa nini mtoto wangu anasema 1/8 ni kubwa kuliko 1/4?

Kwa sababu 8 ni kubwa kuliko 4, na tangu aanze kuhesabu hajawahi kuambiwa kwamba namba kubwa inaweza kumaanisha kitu kidogo. Usimpe kanuni ya kukariri. Mpe karatasi mbili za ukubwa mmoja, moja aikunje vipande vinne na nyingine vinane, akate kipande kimoja kutoka kila karatasi na avipachike. Halafu mwulize angependa kugawana keki moja na watu watatu au na watu saba. Jibu hilo hatalisahau, kwa kuwa ni la tumboni.

Angalizo: karatasi ziwe za ukubwa mmoja. Thumuni ya mkate mkubwa inaweza kuizidi robo ya andazi, na hapo kinacholinganishwa si sehemu tena bali mkate na andazi.

Kitu kimoja kinaweza kuwa nusu na kizima kwa wakati mmoja?

Kinaweza, na khanga hulieleza hilo vizuri. Doti moja ya khanga ina vipande viwili. Upande mmoja ni nusu ya doti, lakini mama akijitanda upande huo, kwake ni khanga nzima. Kwa hiyo swali "hiki ni sehemu gani?" halijakamilika hadi tuseme ni sehemu gani ya nini. Katika daftari, mwalimu aandike "1/2 ya doti", "3/4 ya kilo", "1/3 ya utepe", asiiache sehemu ikielea peke yake hadi watoto wawe wamezoea.

Nusu ya shamba la ekari moja ina ukubwa gani?

Swali hili huulizwa zaidi na wazazi kuliko watoto. Mashambani ekari moja hukadiriwa kuwa hatua 70 kwa 70. Mtu akitaka nusu ekari, mara nyingi hupima hatua 35 kwa 35, akiamini kwamba amegawa kwa mbili. Amegawa kwa mbili mara mbili: urefu umekuwa nusu na upana umekuwa nusu, na anachopata ni robo ekari. Nusu ekari ni hatua 70 kwa 35. Mwonyeshe kwa karatasi ya mraba. Ikunje mara moja uone nusu, kisha ikunje tena kwa kukatiza mkunjo wa kwanza, na mraba mdogo unaobaki ni mmoja kati ya minne. Kosa hili hupunjia watu ardhi waliyoilipia, na mkunjo mmoja wa karatasi unatosha kulizuia.

Inawezekanaje 1/2 na 2/4 zikawa sawa wakati namba ni tofauti?

Kunja karatasi katikati, paka rangi upande mmoja. Ni 1/2. Sasa ikunje kwa upande mwingine na uikunjue: rangi haijaongezeka wala kupungua, lakini vipande ni vinne na vilivyopakwa ni viwili. Ikunje tena, ni 4/8. Mistari imeongezeka, rangi ni ileile.

Kuna sehemu kubwa kuliko kitu kizima?

Zipo, nazo huitwa sehemu guni. Chapati mbili zikikatwa robo robo hutoa vipande vinane. Ukila vitano umekula 5/4, yaani chapati moja na robo.

Mtoto anajumlisha 1/4 na 2/4 anapata 3/8. Nimrekebishe vipi?

Mwambie asome kwa maneno. Robo moja na robo mbili ni robo ngapi? Atajibu robo tatu bila kusita. Asili ni jina la kipande, na jina halijumlishwi: machungwa mawili na machungwa matatu ni machungwa matano, hayageuki kuwa tunda jingine. Theluthi na robo haziwezi kujumlishwa kwa njia hiyo kwa kuwa majina ni tofauti, na ndiyo sababu tunatafuta kipande kinachozifaa zote mbili. Mstatili wenye safu tatu na nguzo nne una vyumba 12; theluthi yake ni vyumba 4, robo yake ni vyumba 3, jumla 7/12.

Watu walianza lini kugawa vitu kwa hesabu za namna hii?

Zamani sana, na hapahapa Afrika. Mafunjo ya Rhind, hati ya kale ya hesabu yaliyoandikwa Misri na mwandishi Ahmes yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo na ambayo sasa yamo katika makumbusho ya British Museum, London, yana maswali ya kuwagawia watu 10 mikate 1, 2, 6, 7, 8 na 9. Wamisri walipendelea kutumia sehemu zenye kiasi cha 1. Kwa mikate 6 jibu lao lilikuwa 1/2 na 1/10. Lifanye na watoto: mikate mitano ikatwe katikati, kila mtu apate nusu, mkate wa sita ukatwe vipande kumi, kila mtu apate kimoja. Jibu letu la leo, 3/5, ni lilelile, ila katika ugawaji wa Wamisri kila mtu anamwona mwenzake ameshika vipande vinavyofanana na vyake, na hakuna wa kunung'unika. Jaribu pia mikate mitatu kwa watu wanne: nusu kwa kila mmoja, kisha robo kwa kila mmoja.

Mtoto asiyeona atajifunzaje?

Kwa kukunja, kwa kupitisha kidole kwenye mkunjo, kwa mizani na kwa mafungu ya kokoto. Nilichoeleza hapo juu, isipokuwa bendera na rangi, hufanyika kwa mikono. Uzi wenye mafundo unafaa kuliko mstari uliochorwa.

Nitajuaje kwamba mtoto ameelewa kweli na hajakariri?

Geuza swali. Badala ya kumpa kitu kizima na kumwomba theluthi, mpe kipande cha utepe na umwambie: "Hii ni theluthi. Nionyeshe utepe mzima ulikuwa na urefu gani." Aliyekariri atakikata kipande hicho mara tatu. Aliyeelewa atakilaza mezani, ataweka alama mwisho wake, atakisogeza, ataweka alama nyingine, na atakisogeza mara ya mwisho. Akimaliza hapo, mpe kipande kingine na umwambie kwamba hiki ni theluthi mbili, kisha umwache afikiri. Akikikunja katikati kabla ya kuanza kukisogeza, endelea naye kwenye somo linalofuata.